Rangi Mpya Haifuti Rehani

Mama ni fundi rangi kwenye karakana ya meli. Kazi yake hasa ni kuandika majina ubavuni. Herufi zake hunyooka utadhani zimepigwa rula.

Mwaka huu yeye na mjomba waliuza kiwanja chao wanunue meli ndogo ya mizigo, iliyotoka nchi nyingine.

"Ilikuwa na mkopo wa benki," muuzaji alisema, "lakini hayo yalibaki kulekule. Andikeni jina jipya, pandisheni bendera mpya, basi. Nilipeni kesho."

Mama alipanda jukwaa, akakwangua rangi. Chini ya jina akakuta jina jingine. Akakwangua tena, akakuta la tatu.

"Kaka, hii meli imebadili majina kuliko wewe ulivyobadili wachumba."

"Acha utani, dada. Andika."

Mama akashuka. "Mkono wangu hauandiki nisichokijua."

Wakaenda ofisi ya usajili wa meli.

"Kuna namba imechongwa kwenye chuma cha meli," karani alisema. "Mmeiona?"

Mama akafungua kiganja. Alikuwa ameinakili kwa kalamu.

"Safi sana, dada. Majina hubadilika, namba ni ileile."

Karani aliiandikia ofisi ya nchi ile. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: meli iko rehani. Ni dhamana ya mkopo, na mkopo haujaisha.

"Mkopo si wetu," mjomba alisema.

"Rehani iliyosajiliwa huifuata meli, kaka yangu, hata ikiuzwa," karani alisema. " Nchi nyingi zimekubaliana hivyo. Benki ya kule inaweza kuomba mahakama ya hapa iikamate meli na kuiuza."

Mjomba akakaa chini. "Na kiwanja kimeshakwenda."

"Fedha mnazo bado. Msimpe muuzaji mkononi. Benki ilipwe kwanza kutoka kwenye bei. Kisha alete hati ya kufutwa usajili. Kule hawafuti mpaka benki iridhie kwa maandishi. Ndipo mje kusajili hapa."

Muuzaji alinuna siku nne. Alipoona fedha hazitoki, akakubali benki ilipwe kwanza. Wiki ya tatu hati ikafika, na mjomba akaenda mwenyewe kusajili meli.

Siku ya kuandika jina, karakana nzima iliacha kazi. Mjomba alishika ndoo ya rangi, akampa mama karatasi yenye jina. Lilikuwa jingine kabisa, si lile walilochagua mwanzo: *Mkono wa Dada*.

Mama alilisoma mara mbili. Herufi ya kwanza ilipinda kidogo. Zilizobaki zote zilinyooka.