Neno Nyuma ya Shingo

Asubuhi hiyo sauti ilisema, "Asante."

Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa ya adabu, ya mtu mzima kidogo, kama ya mgeni aliyeingia sebuleni akaonyeshwa kiti. Kobe alikuwa amesimama mbele ya kioo cha bafuni, mdomo umejaa vibanio, anabana nywele juu kwa mara ya kwanza tangu kidonda cha shingoni kipone. Aligeuka. Nyuma yake kulikuwa na taulo, ndoo, na mlango alioufunga kwa ndani. Akajiambia ni dada yake anaongea na simu chumba cha pili, ingawa alijua fika dada yake alishatoka kwenda kazini.

Kobe halikuwa jina lake, bila shaka. Alibandikwa kazini, kwenye duka la miwani, kwa sababu kila mteja alipomsogelea alirudisha shingo ndani ya mabega. Na kazi yenyewe jamani ni ya kusogeleana! Fundi wa fremu lazima ashike uso wa mtu, apime kutoka mboni hadi mboni, akunje mkono wa miwani nyuma ya sikio, kisha aseme neno zuri. Kobe alifanya yote isipokuwa hilo la mwisho. Miaka minane alishika nyuso za watu na hakuna hata mmoja aliyemkumbuka. Mpima macho wa duka hilo, mwanamume mpole mwenye kicheko cha puani, alimpa karatasi za vipimo bila kuinua kichwa, naye Kobe akampenda kimyakimya mpaka inatia huruma.

Ndiyo maana akaenda kuchorwa tatuu. Alisikia watu wakisema inakupa moyo, unajiona mtu mpya. Wengine huchora simba, wengine jina la mchumba, wakaja kulijutia. Yeye aliona shida yake ni moja tu, amejifunga mno, basi akataka neno la kumfungua.

"Karibu?" mchoraji aliuliza. "Kama kwenye kizulia cha mlangoni?"

"Nyuma ya shingo. Herufi nzuri."

"Sasa dada yangu, watu si watajifuta miguu?"

Wakacheka wote wawili. Akawasha mashine, akachora. Kati yao hakuna aliyejiuliza ni kina nani hasa wanaojua kusoma.

Na tuseme ukweli, mwanzoni ilikuwa raha tupu. Siku ile ya "asante" Kobe alifika kazini shingo imesimama wima. Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye uso wa ugomvi. Kobe akamvua fremu kubwa aliyoichagua, akamwambia, "Hii inakudhulumu, mama. Uso kama huu haufichwi." Mama akacheka mpaka akajishika kiuno. Maneno yalitoka yakiwa yameshapangwa. Kobe mwenyewe aliyasikia pamoja na wengine. Haukupita mwezi, wateja wakawa wanamsubiri yeye, fundi wa kaunta ya pili amebaki kupiga miayo. Mpima macho akaanza kuleta karatasi mwenyewe, halafu akaleta chai, halafu akawa hana cha kuleta, anakuja tu. Siku aliyomwuliza, "Hivi wewe ulikuwa wapi siku zote?" Kobe aliingia stoo akalia kwa furaha.

Ila kulikuwa na harufu. Harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi, inamtoka nyuma ya shingo hata akioga vipi. Na mchana mmoja, duka limejaa watu, mzee aliyekuwa akijaribu miwani ya kusomea alijitazama kwenye kioo cha mkono, akakiinamisha kidogo, akauliza kwa upole, "Na huyo aliyekuegemea, naye anasubiri miwani?"

Kobe akacheka. Yaani mdomo wake ulicheka. Yeye mwenyewe alikuwa ameganda.

Jioni ile dada yake alimfuata jikoni, akasimama karibu naye sana, sauti chini.

"Leo asubuhi umeniamkia mara ngapi?"

"Mara moja, dada. Nilipotoka kuoga."

"Mara mbili." Dada alitupa jicho mlangoni. "Ya kwanza ulikuwa bado bafuni, nasikia maji yanamwagika. Mtu akanipita hapa kwenye korido akaniambia shikamoo kwa sauti yako. Nami nikaitikia, mdogo wangu. Nikasema marahaba!"

"Labda hukusikia vizuri."

"Lifute hilo neno. Nakuomba."

Kobe alitaka kusema sawa. Badala yake sauti yake ilisema, taratibu kabisa, "Dada, una wivu," na dada akarudi nyuma mpaka akagonga kabati, kwa sababu midomo ya mdogo wake haikuwa imetikisika.

Hata hapo hakulifuta. Alijiambia kesho, keshokutwa, kwani Jumamosi mpima macho alikuwa amemwomba abaki kidogo duka likishafungwa saa saba mchana, ana jambo. Nani angekwenda kusikiliza jambo kama hilo akiwa Kobe yule wa zamani?

Alimkuta kwenye chumba cha kupimia, kile kisicho na dirisha. "Kaa nikupime, miaka yote hii hujawahi kupimwa," alimtania, lakini alikuwa amenyooka wima kama mtu aliyekuja kuposa. Akazima taa, akachukua tochi yake ndogo ya kuangalia ndani ya jicho, akainama mpaka pumzi zao zikachanganyika, na Kobe akasubiri neno alilolisubiri miaka minane, akasikia saa ya ukutani, akasikia moyo wake, kisha harufu ya udongo ikaanza kupanda kutoka kwenye kola ya blauzi yake, polepole, ikajaza chumba mpaka kwenye pembe, na pumzi ya mwanamume yule ikakatika katikati, tochi ikaanza kuyumba na bado hakuiondoa, kama mtu aliyechungulia kwenye tundu la ufunguo akakuta upande wa pili kuna jicho.

"Nani huyo?" alinong'ona.

"Nani?"

"Humo ndani. Ana... ananipungia mkono."

Na kinywa cha Kobe kikajibu kwa ile sauti ya adabu, "Mimi mgeni tu, kaka. Ulitaka kumwambia nini? Niambie mimi. Mimi ndiye uliyempenda."

Mpima macho alikimbia akaacha hata funguo za duka.

Mchoraji alipoelezwa alishika kichwa. Jumapili mchana alikuja na mashine yake na shangazi yake, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, ambaye kazi yake ni kutoa majini. Shangazi alimkalisha Kobe sebuleni, akamwinamisha kichwa, akalisoma lile neno kwa muda mrefu.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema. "Alisoma, akaingia. Siwezi kumpiga wala kumtukana, maana hajakosa. Tutamsindikiza. Mwanangu, funika herufi moja moja kwa wino mweusi, anzia mwisho. Na wewe binti, akiaga usimjibu. Hata neno moja, umenisikia?"

Sindano ikaanza kunguruma juu ya ile U. Harufu ya udongo ikapungua, dada akashusha pumzi. Ikaja B, na Kobe akahisi yale maneno matamu yakimtoka kichwani moja baada ya jingine, asiweze kulishika hata moja. Ikaja I. Mabega yakaanza kupanda yenyewe. Aliogopa, ndiyo, lakini alikuwa na huzuni kuliko woga. Aliiona Jumatatu. Aliiona kaunta yake na nyuso atakazozishika na zisizomwona, akamwona mpima macho akirudi siku moja, akimtazama yeye, akimtafuta mwingine. R. A. Machozi yalimdondoka kwenye magoti.

Ilipobaki K peke yake, sauti ikatokea mlangoni, nje yake sasa, mbali naye kwa mara ya kwanza.

"Haya, mwenyeji wangu, nimekaa vizuri sana. Kwaheri."

Kitasa kikazunguka. Mlango ukafunguka bila mtu, ukaanza kujifunga taratibu. Dada alimbana mkono Kobe mpaka kucha zikaingia.

"Karibu tena."

Mlango ukasimama.

Sindano nayo ikanyamaza. Shangazi aliinua uso. "Nani amesema hivyo?" Alimtazama mchoraji, akamtazama dada, akatazama ule upenyo uliobaki mlangoni, na ilionekana wazi anaomba iwe imetoka huko. "Nauliza, nani amesema?"

Kobe alikuwa amejikunyata kwenye kiti, shingo imezama mabegani, mashavu yamelowa.

"Ni mimi," alisema, bila kusaidiwa na mtu.