Makofi ya Mshonaji

Kabla hakujapambazuka, nilizoea kusikia komeo la mlango wa jikoni likivutwa taratibu. Huyo alikuwa mjukuu wangu akitoka kwenda mazoezini. Alilivuta kwa vidole viwili asije akaniamsha, kumbe bibi yake huamka mapema kuliko komeo. Nje rafiki yake alikuwa akimngoja, na mara nikasikia vicheko vyao vikipotelea barabarani.

Shuleni mjukuu wangu aliitwa Mshale kwa sababu ya mbio zake. Rafiki yake tulimwita Chiriku, maana hata akikimbia alikuwa anaongea. Walikuwa chanda na pete. Mama yake Chiriku ni mshonaji, naye ndiye aliyewashonea wote wawili bukta za mbio kutoka kitambaa kimoja. Kabla ya kila shindano walishikana mikono, wakainamisha vichwa na kuomba.

"Huwa mnaomba nini?" niliwauliza siku moja.

"Mimi naomba tusianguke," alisema Chiriku. "Huyu sijui. Pengine anaomba mimi nianguke."

Tulicheka wote watatu.

Ikafika siku ya kuchagua timu ya wilaya. Katika mbio za mita mia nane angechukuliwa mmoja tu, yule atakayeshinda. Sikwenda kutazama, kwa kuwa miguu yangu haipendi tena kusimama juani. Jioni Mshale alirudi na medali, lakini hakunionyesha. Aliitia mfukoni akaketi.

"Chiriku ameanguka kwenye kona ya mwisho, Bibi. Ameumia goti. Wamempeleka hospitali."

"Umekwenda kumwona?"

"Nimechoka," akasema, akaenda kulala bila kula.

Kanisani kwetu, mtu akitendewa jema husimama mbele na kutoa ushuhuda. Mchungaji alikuwa amesikia habari za medali, kwa hiyo Jumapili alimwita Mshale. Mtoto akasimama, macho yake sakafuni.

"Namshukuru Mungu kwa kunipa ushindi," alisema. "Kuna waliotaka kunipita, lakini Mungu aliwazuia."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilimtazama mshonaji. Alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi la mbele yangu, binti yake akiwa nyumbani, mguu umefungwa bandeji. Naye alikuwa akipiga makofi. Aliyapiga polepole mpaka wengine wote wakamaliza. Ibada ilipokwisha, alimshika Mshale begani.

"Hongera, mwanangu. Mwenzio anakuulizia."

Mchana huo Mshale alisukuma sahani yake kando. Sikumuuliza kitu. Mtoto mwenye donge rohoni ukimvuta sana hufunga mdomo. Niliendelea kuosha vyombo, na mwishowe akaja kusimama nyuma yangu.

"Bibi, Mungu hakumzuia mtu."

"Nani basi aliyemzuia?"

"Mimi. Chiriku alikuwa ananipita, nikamtolea kiwiko. Mwamuzi alikuwa anaangalia mstari wa mwisho, hakuona." Akaanza kulia. "Nimekwenda kumsingizia Mungu, tena kanisani."

Nilikausha mikono nikamkumbatia. Sikumwambia anyamaze. Alipomaliza kulia nilimwambia avae viatu.

Chiriku alikuwa amelala chumba cha mbele, karibu na cherehani ya mama yake, goti lake juu ya mto. Mshale alipiga magoti kando ya kitanda akasema yote, bila kupunguza neno. Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kiwiko nilikiona," alisema. "Nilidhani utakuja hospitali. Nilikungoja."

Kisha akageukia ukutani, na yule mtoto asiyeishiwa maneno hakusema neno jingine.

Mshale alimtazama mshonaji. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Aliniambia siku ileile."

"Na leo ukanipigia makofi?"

Mshonaji aliweka chini nguo aliyokuwa akiipinda. "Ulitaka nisimame nikuumbue mbele ya watu wote? Mtoto akiumbuliwa hujifunza kujificha. Usidhani sikuumia, mwanangu. Kila kofi nililopiga, nilikuwa namwomba Mungu akupe nguvu useme mwenyewe."

Mshale akafunika uso kwa mikono.

"Kuomba kabla ya mbio, kushukuru baada ya mbio, hayo yanamwezekana kila mtu," aliendelea mshonaji. "Imani ya mkimbiaji hupimwa kwenye kona, mwenzake anapompita na mwamuzi anaangalia kwingine. Pale ulishindwa. Sasa amebaki mwalimu wako. Nenda kwake kabla hajaambiwa na mtu mwingine."

Kesho yake nilimsindikiza shuleni. Mwalimu wa michezo alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni pa stoo ya mipira.

"Unajua kwamba nafasi yako katika timu itachukuliwa na aliyekufuata?"

"Najua, mwalimu."

"Na msimu huu hutashindana tena."

"Najua."

Mwalimu alivua kofia, akapokea medali na kuipangusa ingawa haikuwa na vumbi. Alikuwa amewafundisha wote wawili tangu wadogo, na sasa hakubaki na hata mmoja.

Wanafunzi hawakumhurumia. "Pisheni, mtakatifu anapita," walisema. "Angalieni viwiko." Jumapili iliyofuata alisimama tena mbele ya kanisa, akasahihisha ushuhuda wake. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji alimwekea mkono kichwani, akamrudisha kwangu.

Daktari alisema Chiriku atatembea vizuri. Tulipomuuliza kuhusu mbio, alisema tusubiri, lakini alisema bila kututazama usoni.

Kila siku baada ya masomo Mshale alikwenda kwa mshonaji. Alichota maji, akafagia vipande vya vitambaa, kisha akamshika Chiriku kisigino na kumsaidia kukunja goti kama daktari alivyoagiza. Chiriku aliuma meno akatazama dari. Hakumfukuza, lakini hakumsemesha.

"Bibi," Mshale aliniuliza njiani siku moja nilipomsindikiza, "nimetubu, nimerudisha medali, nimesema kanisani. Mbona bado inauma hivi?"

"Kusema ukweli ni kuosha kidonda, mjukuu wangu. Baada ya hapo kinataka kutunzwa kila siku, na wakati mwingine hubaki kovu. Mungu anasamehe, lakini goti la mwenzio halijui kwamba umesamehewa. Kwa hiyo utakwenda, hata asipokusemesha."

Alipangusa macho kwa mkono wa sweta, tukaendelea na safari.

Siku hiyo goti lilikunjika kuliko siku zote. Jasho lilimtoka Chiriku, machozi nayo yakamtoka. Mshale aliurudisha mguu juu ya mto, akaufunika shuka.

"Mimi bado nina hasira na wewe," alisema Chiriku.

Mshonaji alisimamisha cherehani.

"Najua," alijibu Mshale.

"Hasira nyingi. Na huenda zisiishe upesi."

"Najua."

Nilishika mkono wa mjukuu wangu tukaaga. Tulikuwa tumeshafika mlangoni, Chiriku alipoita kwa sauti ndogo, bila kuugeuza uso wake.

"Kesho utakuja?"