Nzi Si Mkaguzi wa Dagaa

Saa mbili asubuhi, nzi mmoja alitua juu ya dagaa wa Wilhelmina, nyumbani kwake Kirumba.

"Umeona?" Wilhelmina alimwambia mumewe, Luhende. "Dagaa salama."

Wilhelmina aliuza dagaa sokoni Mwaloni. Aliamini kwamba nzi hagusi samaki mwenye dawa ya kuua wadudu, kwa hiyo hakufukuza nzi. Mteja akiinua mkono kumfukuza, alimzuia. "Mwache! Huyo ndiye mkaguzi wangu."

Siku hiyo gunia moja lilikuwa linakwenda shule ya chekechea. Dagaa wangesagwa na kuchanganywa kwenye uji wa watoto. Rose, mjukuu wao, alisoma hapo.

Jirani yao Angela akapita. Angela ni mkemia. Alikuwa anajaribu njia mpya ya kupima mabaki ya dawa kwenye chakula.

"Shikamoo, mama. Naomba dagaa wachache niwapime."

"Marahaba. Wameshapimwa. Nzi ametua."

"Yuko wapi sasa?"

Wilhelmina alitazama gunia, akatazama ukuta. "Ameondoka."

"Akiwa mzima?"

"Nitajuaje? Hakuaga!"

Luhende alicheka. Angela hakucheka.

"Mama, nzi anafuata harufu ya chakula. Dawa ikiwa kidogo, anatua, anakula, anakwenda kufia kwa jirani. Rose atakunywa uji huo kila siku."

Wilhelmina akamsogezea gunia.

Angela aliwatikisa dagaa wachache ndani ya kichupa chenye maji maalumu. Kisha akatoa kipande cha kijivu, kidogo kama ukucha wa kidole gumba.

"Hizi ni nyuzi," alisema. "Unywele ni mnene mara mamia kuliko uzi mmoja. Juu ya nyuzi kuna chembe za fedha, madini yale ya hereni. Ni ndogo, jicho haliwezi kuziona."

Luhende alisogea. "Fedha yenyewe? Inatoa hereni ngapi?"

"Hata za sisimizi haitoshi, baba."

Angela alidondosha tone la maji yale juu ya nyuzi. Likakauka. Akaweka kipande kwenye mashine ndogo.

"Mashine inakimulika kwa leza. Kila kemikali hurudisha mwanga kwa namna yake, kama kila mtu alivyo na alama zake za vidole. Dawa ikiwa kidogo, mwanga huo ni hafifu mno. Chembe za fedha zinaukuza, na nyuzi zinabeba chembe nyingi mahali padogo. Ndipo mashine inausoma."

Mashine ilichora mstari wenye vilele. Angela aliulinganisha na alama za dawa zinazojulikana.

"Hii inaonekana ni dawa ya kupulizia wadudu wa pamba."

Luhende akaanza kutazama viatu vyake.

"Babu Rose," Wilhelmina aliita. "Ile dawa uliyoitoa kwa kaka yako Misungwi iko wapi?"

"Wadudu walikuwa wanatoboa dagaa! Nilipulizia gunia tu. Dagaa sikuwagusa."

"Na dagaa walikuwa wapi?"

"Ndani ya gunia."



"Basi tuwape kuku," Luhende alisema.

"Na mayai atakula nani?" Wilhelmina aliuliza.

Angela alieleza: "Dawa ya shambani haiwekwi kwenye chakula wala kwenye gunia lake. Kuwaosha dagaa hawa au kuwaanika tena hakutoshi. Anikeni dagaa wapya juu ya chanja mpaka wakauke sawasawa. Tumieni gunia safi, likae juu ya mbao, si sakafuni."

Angela aliwapeleka dagaa wachache maabara; wakapimwa tena, ikathibitika kuwa wana dawa. Afisa afya akalichukua gunia lile.

Wilhelmina alinunua dagaa wengine. Kuwageuza juani ikawa kazi ya Luhende. Walipokauka, Angela aliwapima.

"Sijaona dawa yoyote kati ya zile ninazoweza kuzipima."

"Yaani ni salama?"

"Yaani hivyo nilivyosema, mama."

Gunia jipya lilipokuwa linafungwa kwenda chekechea, nzi akatua juu ya dagaa.

Wilhelmina alimfukuza kwa kitenge.