Ng'ombe Tisa na Mtambo Wenye Njaa

Kila alasiri Mokami aliweka mkoba wake wa shule, akachukua panga na kamba, akapanda kilima cha Susuni kutafuta kuni. Wenzake wa darasa la saba walibaki shuleni kwa masomo ya ziada. Akipita nyuma ya nyumba, aligeuza uso asiuone mtambo wa gesi ya samadi. Kuuona kulimpandisha hasira.

Mtambo huo ulijengwa kwa ajili ya biashara ya mama yake, Efrazia, aliyepika maandazi ya shule ya bweni iliyokuwa jirani. Mwezi wa kwanza ulifanya kazi vizuri. Mokami alikoroga samadi na maji, akamimina, na jiko likawaka bila moshi. Kisha baba yake, Nchagwa, akawahamishia ng'ombe wao wote tisa kwa kaka yake, Heche, ili wakwe wa Heche, watakaokuja kuangalia ng'ombe wa mahari, wakute zizi lake limejaa. Wakwe walikuja, wakaridhika, wakaondoka. Ng'ombe hawakurudi. Nchagwa alipenda kusikia watu wakilisifu zizi lile lililojaa ng'ombe wake. Nyumbani, mtambo ukakosa samadi, ukabaki shimo la saruji.

Jioni moja Mokami alimkuta baba akifunika mafiga kwa bati.

"Kesho Mwalimu Selestina wa shule ya bweni anakuja kukagua jiko," alisema. "Shule yake haitanunua tena chakula kilichopikwa kwa kuni za porini. Akikuuliza, sema tunapikia gesi."

"Lakini baba, gesi iko wapi?"

"Una mdomo wewe! Sema ulivyoambiwa."

Mokami alitazama viganja vyake vilivyochanwa na miiba. Abebe kuni miezi miwili, kisha aseme hazipo?

Kesho yake mgeni aliamkiwa kwa heshima, akakaribishwa jikoni. "Hebu liwasheni," alisema.

Nchagwa akawasha kiberiti. Hakuna kitu. Akawasha cha pili. "Upepo huu, mwalimu," alinung'unika.

"Upepo ndani ya nyumba, mzee Nchagwa?" Mwalimu akamgeukia Mokami. "Mwanangu, mnapikia nini?"

Mokami alifungua viganja. "Nisamehe, mwalimu. Mtambo una njaa. Ng'ombe wako kwa baba mkubwa, wanapendezesha zizi. Gesi ya nyumba hii ni mimi!"

Nchagwa aliinuka kwa ukali, lakini Efrazia akamtangulia. "Mtoto amesema kweli. Mimi nilinyamaza, na nina aibu."

Mwalimu hakucheka. "Ukweli huu umewaokoa. Ningeugundua uongo mwenyewe, ningemtafuta mpishi mwingine leo hii. Nawapa wiki tatu jiko hili liwake kwa gesi."

Nchagwa alitembea hadi kwa Heche kuwadai ng'ombe wake.

"Mura, ndugu yangu, utaniachia zizi tupu?" Heche alifoka. "Watu watasema nini?"

"Waseme! Mke wangu anakaribia kupoteza kazi, binti yangu anapoteza masomo, na mimi nahangaika na macho ya wapita njia!"

Jioni ile ng'ombe tisa walirudi nyumbani. Nchagwa mwenyewe alikunja suruali, akakoroga samadi, majirani wakimchungulia.

Wiki ya tatu mwalimu alirudi. Efrazia aliwasha kiberiti mara moja tu, na moto wa buluu ukaenea chini ya karai.

"Sasa nisikilizeni," alisema mwalimu. "Vilima vyetu vinabaki vipara, na moshi wa kuni unaongeza joto la dunia. Wanunuzi wameanza kuuliza chakula kimepikwaje, na kesho wataongezeka. Mfanyabiashara hujiandaa kabla hajaulizwa. Lakini kuwa na mtambo si kujiandaa. Kujiandaa ni kuulisha kila siku, na kusema kweli siku usipoulisha."

Nchagwa aliitikia kwa kichwa. Kisha akalichukua panga la Mokami mlangoni, akalichomeka juu kabisa darini, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

"Kesho ubaki shuleni na wenzako," alisema.