Kipimo Kilichonyamaza

Kila asubuhi kabla ya kuingia kituoni, Inspekta Hyasinta hukaa kwenye benchi la muuza kahawa, Mtaa wa Sikukuu, akila kashata na kusoma vichwa vya magazeti bila kununua hata moja. Siku hiyo kikombe cha pili hakikufika mdomoni.

"Mtu amefia tangini! Jamani, msaada!"

Alikimbilia nyuma ya ghorofa la mkabala, kashata bado mkononi.

Zimamoto walipomtoa Shukuru, fundi wa kusafisha matangi ya maji, alikuwa ameshakata roho. Kifuani pake kilining'inia kipimo cha oksijeni, kijisanduku cha manjano kinachopiga king'ora hewa ikipungua. Kabla Hyasinta hajafunga utepe wa polisi, msichana alipenya umati, akamwangukia marehemu kifuani. Ilibidi wamwondoe kwa nguvu. Alikuwa Moza, mtunza stoo wa kikampuni chao. Aliondoka akilia, ngumi ameikunja ndani ya kanga.

"Nani alikuwa naye?"

"Mimi, afande." Uwesu, mwenzake Shukuru, alikuwa bado ameshika kamba aliyomshushia. "Namwita, anaitika. Mara kimya."

"Kipimo kililia?"

"Hakikulia."

"Watu wanasema jana ulimtishia."

"Nilimwambia haraka yake itamuua. Utani, afande! Wallahi, utani tu."

Aliingizwa mahabusu.

Mchana majibu ya maabara yalifika. Marehemu alikosa hewa. Tangi la chuma lilikuwa limefungwa muda mrefu, na kutu ilikuwa imeila oksijeni. Kipimo kizima. Kihisi chake kizima, betri nzima, king'ora cha kutoboa masikio.

"Basi Uwesu alikizima, baadaye akakiwasha," alisema Koplo Melkiori. "Mauaji hayo. Kesi imekwisha."

Hyasinta hakutulia. Alikaa, akainuka, akaizunguka meza. Nje honi na wapiga debe. Ng'ambo ya ukuta, sauti ya Uwesu akiomba dua. Angekizimaje yuko juu, na kipimo kiko chini kifuani mwa mwenzake? Alikichukua kipimo mezani, akakigeuza tena. Kidole kikanata.

Gundi ya selotepu.

"Melkiori, twende stoo kwao."

Stoo ilikuwa safi kuliko zahanati.

"Shikamoo, afande," alisema Moza, macho chini.

"Marahaba."

Kikokotoo mezani kilikuwa kimevishwa nailoni. Redio, nailoni. Rimoti ya feni, nailoni, selotepu imebanwa vizuri. Hyasinta alimkumbuka mama yake, Magomeni, ambaye rimoti yake haijawahi kuguswa na kidole kitupu. Nani angeshangaa kuona kipimo nacho kimevishwa nailoni? Ila kipimo chenye jina la Uwesu kilikaa rafuni kitupu.

"Chukua nailoni na selotepu, mdogo wangu. Tufuatane."

Kwenye tangi, Melkiori alikishusha kipimo cha Shukuru kwa kamba. Kililia hadi wauza vitenge wakageuka. Alikipandisha, akasubiri kinyamaze. Hyasinta akakivisha nailoni, akaziba pembe zote kwa selotepu, akakishusha mwenyewe.

Kimya. Wakangoja. Kimya.

"Kinapima hewa iliyofungiwa ndani ya nailoni, si ya tangini," Hyasinta alimwambia Moza. "Na nailoni uliichana pale ulipomkumbatia."

Moza alifungua pindo la kanga. Kipande kilichokunjamana kikadondoka.

"Kwa nini uliificha?"

"Nilipoiona tu, nikajua. Nikaogopa."

"Ukamwacha Uwesu abebe lawama?"

"Nimefika hadi mlangoni kwenu, afande. Nikageuka, nikarudi."

"Na kukifunga ulikifunga kwa nini?"

"Tumefundishwa kukiweka mbali na vumbi na maji. Nilikuwa natunza kifaa."

"Cha Uwesu je? Mbona kiko kitupu?"

Mkokoteni ulipita, mwenyewe akipiga kelele apishwe.

"Jana niliusikia ule utani," alisema Moza. "Kwamba haraka yake itamuua. Watu walicheka. Mimi sikulala. Nikasema cha Shukuru kisije kikaingia maji, kikagoma akiwa huko chini."

"Melkiori, kamtoe Uwesu," Hyasinta alisema. Kisha akamgeukia msichana, sauti imeshuka. "Narudia. Ulikuwa unatunza kifaa?"

Moza alilitazama shimo la tangi. Aliposema, alisema kwa sauti, kana kwamba kuna mtu kule chini wa kumsikia.

"Nilikuwa namtunza Shukuru."