Sentensi ya Mwisho

Kila Jumatano, baada ya mapumziko, Mwalimu Hanadi alitufundisha Kiingereza kwa mchezo. Jumatano moja alibandika karatasi yenye sentensi tano kwenye ukuta wa nje. Mmoja anakimbia, anasoma sentensi, anarudi kumtajia mwenzake, naye anaiandika. Mwalimu alitupanga wawili wawili, anayejua Kiingereza na asiyekijua, na asiyejua ndiye aliyekimbia, ili naye afungue mdomo.

Mimi nilipangiwa Nisrini, aliyehamia mji wetu wa Salt kutoka kijijini mwezi ule. Sikufurahi, lakini nilikuwa na siri. Asubuhi, nilipombebea mwalimu madaftari, niliiona karatasi ile mezani nikaikariri yote.

Basi Nisrini akawa anakimbia, mimi naandika hata kabla hajafika. Mara ya mwisho alirudi akihema, akasema kwa Kiingereza cha kusuasua, "Bibi anauza jibini."

"Zeituni," nikamkatiza. "Hata zeituni hujui, shoga?"

"Nimeona jibini, Ghaida. Haki ya Mungu."

"Hebu kaa. Tumeshamaliza."

Tulikuwa wa kwanza. Mwalimu alisoma kazi yetu, akakunja uso. "Zeituni imetoka wapi?"

"Nisrini ndiye aliyenitajia," nikasema.

Darasa likaangua kicheko. "Jamani, mpelekeni kwa daktari wa macho," Rudaina akadakia.

Nisrini akainamisha kichwa. "Samahani, mwalimu. Labda nimesoma vibaya. Siku nyingine nisikimbie mimi."

Aliniamini mimi kuliko macho yake mwenyewe. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikasimama.

"Mwalimu, alisema jibini. Mimi niliiona karatasi mezani kwako asubuhi."

"Sentensi hiyo niliibadilisha wakati wa mapumziko," mwalimu akasema taratibu.

Nilitamani ardhi inimeze. "Nisamehe, Nisrini. Wewe ulisoma sawasawa. Mimi ndiye mwongo."

Mwalimu alibandika karatasi nyingine, akatuambia tuanze upya. Safari hii niliandika kila neno alilonitajia, na niliposhindwa kumwelewa nilimwomba arudie. Tulikuwa wa mwisho, lakini hatukukosa hata neno moja.

Kengele ilipolia, mwalimu aliniita kando.

"Kuiba jibu ni kosa, Ghaida. Lakini kubwa zaidi ni kwamba ulimfanya mwenzako aone haya kwa jambo aliloliweza. Aibu ya uongo wako ibebe mwenyewe, usimtwishe mwingine."

"Ndiyo, mwalimu," nikajibu. Nisrini alikuwa amesimama mlangoni, nami nilishindwa kumtazama usoni.