Mpira Mpya wa Msabah

Mvuke ulipaa mbele ya soko la Darajani, watu wakatawanyika na makapu yao, na mama mmoja akapiga kelele kwamba gari inaungua. Haikuwa inaungua. Ilikuwa vani ya kijani ya marehemu Mzee Usi, gari iliyojulikana mtaa mzima wa Malindi kwa sababu ndiyo iliyochukua masufuria, masinia na majamvi ya kukodisha kwenye arusi za mjini na shamba. Mwaka ule wa 1970, Mzee Usi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na kazi ikabaki mikononi mwa mkewe, Bi Mwanakheri, na binti yao Mwatum.

Mwatum aliteremka huku ameshika pindo la buibui lisiguse maji ya moto. Dereva wao, Mzee Pandu, alikwishafunua boneti, na mkono wake uliozungushiwa kitambaa ulikuwa unakwenda kwenye kifuniko cha rejeta.

"Mzee, usifungue!"

Kijana mwenye ovaroli ya buluu aliruka mtaro, akaudaka ule mkono. "Shikamoo, mzee wangu. Ukifungua sasa hivi maji yatakurukia usoni."

"Marahaba. Sasa tufanyeje, tuisomee dua?"

"Isomeeni, na ipoe huku mnasoma."

Mwatum hakutaka kucheka mbele za watu. Akacheka.

Kijana huyo alikuwa Msabah, fundi wa gereji moja ya Mikunguni. Injini ilipopoa alimwonyesha mpira wa juu wa rejeta, ule unaopitisha maji ya moto yanapotoka kwenye injini. Ulikuwa umechanika karibu na kibano. Aliuzungushia utepe wa mpira wa baiskeli, akaukaza kwa waya, na Mzee Pandu akajaza maji.

"Hii ni bendeji tu, Bi..."

"Mwatum."

"Bi Mwatum. Kila asubuhi, kabla gari haijawashwa, ubonyeze mpira huu kwa vidole. Ukiwa mkavu kama kijiti, au umelegea kama ndizi iliyoiva mno, usisafiri nao."

"Mie? Kwani dereva ni mie?"

"Mzee Pandu macho yake yamechoka. Vidole vyako vizima."

"Umevitazama saa ngapi vidole vyangu?"

Msabah akainama kuokota spana ambayo haikuwa imeanguka.

Tangu siku ile vani ikawa haiishi maradhi. Mara ivuje, mara itoe mlio ambao aliusikia Mwatum peke yake. Mzee Pandu alikuwa akiipeleka Mikunguni bila ya kuuliza, akakaa kivulini na kahawa yake, huku wawili wale wakizungumza kila mmoja upande wake wa boneti. Zilipopita siku mbili bila ya ugonjwa, simu ililia kwenye duka la jirani yao, Bi Mize.

"Mwatum! Fundi wako huyo! Na mwambie simu yangu ya biashara, si ya mahaba!"

Mwatum alifika akihema. "Naam."

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Hiyo naam. Inanitosha mpaka kesho."

"Basi kata simu, ukainywee chai."

"Chai ipo, sukari iko kwako, roho yangu."

Bi Mize akakohoa kwa makusudi.

Siku zile vipuri vilikuwa haba. Hata sabuni ilikuwa ya foleni, seuze mpira wa rejeta. Lakini Msabah alimjua baharia mmoja anayekwenda Mombasa, na baharia alikuwa amekubali kumletea.

"Nataka mpira mpya uwe umefungwa kabla wazee wangu hawajaja kwenu," alimwambia Mwatum. "Sitaki waje kuposa na gari yenu bado ina bendeji."

"Nani kasema mnakuja kuposa?"

"Mpira ukifika, utasema wenyewe."

Mwatum alimweleza mama yake. Bi Mwanakheri aliendelea kupepeta mchele kwa muda, kisha akasema, "Mwanamume akiahidi, mwangalie. Akikosa alichoahidi, mwangalie zaidi. Hapo ndipo utakapomjua."

Mpira ukafika. Msabah alikuja kuufunga mbele ya nyumba yao, amevaa shati jeupe la pasi na kofia ya viua, kama mtu anayekwenda Ijumaa. Mwatum alisimama juu ya baraza, kanga imemkaa begani, akiutazama ule mpira unavyong'ara.

"Mbona unameta hivyo?"

"Kipya kinyemi, Bi Mwatum," alisema Msabah. Alicheka, lakini macho yake yalibaki kwenye kibano alichokuwa akikikaza.

Wiki ile ile wazee wake walikuja. Walipokewa kwa halua na kahawa. Bi Mwanakheri aliwaambia kwamba jibu watalipata baada ya arusi ya Kizimkazi, kwa kuwa vyombo vilishaahidiwa huko. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kukubali.

Asubuhi ya safari Mwatum alifunua boneti kama alivyozoea. Akapeleka mkono kwenye mpira, kisha akaurudisha. Kuubonyeza aliona ni kama kumhoji Msabah. Alisema bismillahi, akapanda.

Walikuwa wameshaipita Muyuni pale ulipotoka mlio kama wa chupa iliyotupwa ukutani. Kioo chote cha mbele kilijaa mvuke. Mzee Pandu aliruka chini na kufunua boneti kabla Mwatum hajamzuia, na maji yaliyokuwa bado yanachemka yakamrukia mkono wa kulia, kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Mzee wa watu hakulia. Alikaa chini kando ya njia na kusema "Ya Rabbi" mara nyingi, sauti yake ikizidi kuwa ndogo.

Masufuria yalifika Kizimkazi kwa gari la ng'ombe baada ya adhuhuri. Wageni walikula pilau wakati muadhini anaita Alasiri, na mama wa bwana arusi hakumgombeza Mwatum. Alisema tu, "Mzee Usi angekuwa hai, tusingefedheheka leo." Mwatum aliona afadhali angepigwa kofi.

Waliporudi kwenye gari alijipa moyo, akaugusa mpira uliopasuka. Vidole vilitoka vyeusi. Akavisugua, akavinusa. Harufu aliijua. Ilikuwa harufu ya viatu vya baba yake kila Ijumaa kabla hajatoka kwenda msikitini. Dawa ya viatu. Na pale ilipofutika, mpira ulikuwa wa kijivu, una mipasuko kama kisigino cha mtu anayetembea peku.

"Kipya kinyemi," alisema kwa sauti ndogo, "ingawa kidonda." Msabah alikuwa amemwambia nusu tu ya methali.

Simu ya Bi Mize ililia kesho yake, ikalia tena mchana. Mwatum hakwenda. Jioni Msabah alikuja mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakuthubutu kupanda baraza. Bi Mwanakheri alikaa nyuma ya mlango, tasbihi mkononi.

"Mpira wangu uko wapi?" aliuliza Mwatum.

"Ulikuja. Wallahi ulikuja. Nnaufungua karatasi, akaingia bwana mkubwa mmoja, gari yake inavuja. Akauona. Mtu kama yule unamwambia hapana?"

"Humwambii."

"Basi unajua."

"Kwake najua. Kwangu ulishindwa na nini?"

Msabah alivua kofia, akaikunjakunja. "Niliona haya. Nshakuahidi, wazee nshawaambia. Nkasema huu mkongwe niliouokota gereji utanisitiri siku chache, nitapata mwengine kabla hamjasafiri."

"Ulijua tunakwenda Kizimkazi?"

Msabah akaitazama kofia yake.

"Msabah, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukakaa kitako ukaupaka dawa ya viatu. Ukasugua kwa kitambaa mpaka ukameta. Muda wote huo mkono unasugua, moyo ulikuwa unakwambia nini?"

"Ulikuwa unanambia Mwatum atafurahi."

Mwatum aligeuza uso. Ilikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliomuuma kuliko uongo.

"Ungenambia hakuna mpira," alisema, "ningechana kanga yangu tukaufunga ule wa zamani, kila siku, mpaka tuzeeke."

"Nisamehe, mpenzi."

"Nshakusamehe. Leo baada ya Alfajiri nimekuombea kwa Mungu, na wewe nenda kamwombe radhi Mzee Pandu. Lakini kila utakaponiletea kitu kizuri, nitakitia kidole kwanza. Mke gani huyo, Msabah? Mie sitaki kuwa mke huyo."

"Nipe nafasi nyengine."

"Rudi kwenu. Mama atawajibu wazee."

Msabah alikwenda kwa Mzee Pandu, akampigia magoti. Mzee alimpa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umefungwa, akamwambia, "Mie ngozi itarudi, mwanangu." Na Bi Mwanakheri aliwapelekea wazee jibu la heshima, kwamba Mungu hakujaalia.

Mvua za vuli zilipoanza, Mzee Pandu, ambaye mkono wake ulikuwa umeshapona, alikuja na kifurushi cha karatasi. Hakusema kimetoka kwa nani. Ndani yake mlikuwa na mpira wa rejeta ambao haukumeta hata kidogo. Ulikuwa umefifia, una vumbi jeupe la dukani. Waliufunga wao wawili.

Asubuhi iliyofuata, kabla gari haijawashwa, Mwatum aliubonyeza. Ulizama kidogo, ukarudi. Alivitazama vidole vyake. Vumbi jeupe tu. Akasema alhamdulillahi, kisha machozi yakamtoka, asijue anamlilia Msabah yupi, aliyemdaka mkono Mzee Pandu pale Darajani au aliyepaka dawa.

"Mwatum!" Bi Mize aliita kutoka dukani, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha. "Mwanangu, simu. Ni yeye."

Ile naam ilimfika kwenye ncha ya ulimi. Mwatum akaimeza, akafunga boneti.

"Twende, Mzee Pandu," alisema. "Watu wanangoja masufuria."